Marehemu wa Saa za Kazi

"Wakazi wote wa Bagamoyo, Zinga, Mapinga na vijiji vilivyo baina yake wanatangaziwa kwa furaha kwamba kuanzia tarehe mosi Julai, 1951, ni ruhusa kufilisika."

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa soko la samaki, chini ya lile linalokataza kutema tambuu. Kabla ya siku hiyo watu wa kwetu walikuwa wakifilisika ovyo, kila mmoja kwa wakati wake, bila karatasi na bila ada. Mtu aliamka asubuhi hana kitu, akaenda kumwambia anayemdai, wakagombana kidogo, wakanywa kahawa, wakaafikiana. Serikali iliona hali hii haiwezi kuendelea.

Ikaundwa Kamati ya Kufilisi Watu na Kupanga Upya Madeni, ikapewa chumba nyuma ya boma, meza moja, viti vitatu na mhuri. Mwenyekiti alikuwa Bwana Kitwana bin Mrisho, mtu mwenye suti tatu na wake watatu, anayezijua sheria zote isipokuwa zile zilizoandikwa. Karani alikuwa kijana mmoja mwembamba, Ausi, aliyesoma Kiingereza na kwa hiyo alikuwa na huzuni. Mimi nilichukuliwa kupika chai. Lakini kwa kuwa nimefika darasa la nne, na kwa kuwa Mungu alimchukua mume wangu mapema, nilipandishwa cheo, kama nitakavyoeleza.

Sheria yenyewe ilifika kutoka Dar es Salaam katika bahasha nene. Fomu zake hazikufika. Karani Ausi aliandika barua kuziulizia, akajibiwa kwamba fomu za kuombea fomu nazo zimekwisha. Basi Mwenyekiti akafungua kabati, akakuta masanduku mawili ya fomu za mirathi, safi kabisa, hazijaguswa na mchwa.

"Hizi hizi," akasema.

"Bwana Mwenyekiti, hizi ni za watu waliokufa."

"Ausi, mufilisi ni nani? Si mtu aliyekwisha? Mali yake inakusanywa, madeni yake yanalipwa, kinachobaki wanagawana watu wake. Na maiti je?"

Karani akafikiri. "Vivyo hivyo, bwana."

"Basi tofauti iko wapi?"

Karani Ausi hakuiona tofauti katika sheria, ambayo aliisoma mara mbili. Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba kila atakayefilisika katika wilaya yetu, kwa mambo ya ofisi, atahesabiwa kuwa amefariki. Uamuzi ulipigwa mhuri. Nikapeleka chai.

Wa kwanza kufariki alikuwa Kibwana Mwinjuma.

Kibwana alikuwa na majaruba ya chumvi kaskazini ya mji, yale mashimo mapana ya kutegea maji ya bahari yakauke juani. Alikopa kwa Husseni, mwenye duka la jumla, magunia, makoleo na mabati ya kibanda. Chumvi ikatoka nyeupe, ikajaa kibanda, gunia juu ya gunia. Halafu masika yakaingia mwezi mmoja kabla ya kutazamiwa, yakang'oa mabati, yakanyesha juu ya chumvi siku tisa. Alipokwenda kutazama, magunia yalikuwapo yote, matupu, yamelala kama watu wenye njaa. Deni lilikuwa shilingi mia sita na arobaini. Mali aliyobaki nayo ni nyumba.

Na nyumba hiyo ndiyo ya kuangaliwa. Ipo barabarani, karibu na soko, vyumba vitano, baraza ya saruji, kisima cha maji matamu uani. Mkewe Mwaija ndiye aliyebeba kichwani chokaa ya kuta zake, ndoo kwa ndoo, akiwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza. Bwana Kitwana alikwisha kutaka kuinunua mara mbili, na mara mbili Mwaija alimjibu kwamba nyumba haiuzwi, ahsante, na karibu maji. Sasa kwa utaratibu mpya, nyumba ya marehemu ingeuzwa mnadani kulipa madeni, na hakuna kifungu kilichomkataza Mwenyekiti kunyoosha mkono mnadani. Simaanishi lolote. Nasema tu hakuna kifungu.

Siku ya kikao Kibwana alifika amevaa kanzu safi. Mwaija alikaa nyuma yake. Husseni alikaa mlangoni, maana viti vilikuwa vya Kamati.

"Kibwana Mwinjuma," akasema Mwenyekiti, "unakubali kwamba umefilisika?"

"Nakubali, bwana. Mvua imenimaliza."

"Andika, Ausi. Amekiri kwamba amekwisha."

Karani akaandika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hapa wanataka tarehe ya kufa."

"Leo. Tusimcheleweshe mtu."

"Sababu ya kifo?"

"Mvua."

"Mahali alipozikwa?"

Mwenyekiti akamtazama Kibwana, akaona hana budi kusema kweli. "Andika: bado."

"Bwana," akasema Kibwana, "mbona mimi mzima? Nimekuja hapa kwa miguu yangu."

"Marehemu hahojiwi, na marehemu hahoji."

Husseni akasimama pale mlangoni. "Bwana Kitwana, ngoja. Mimi nataka pesa yangu tu. Huyu akifa, nani atanilipa?"

"Mali yake itakulipa."

"Mali yake imekuwa supu! Mimi namtaka yeye mwenyewe, na mikono yake miwili. Hai ananifaa zaidi."

"Husseni, unaingilia msiba."

Aliitwa Imamu wetu atoe fatwa. Akaja, akamtazama Kibwana usoni, akamshika mkono, akasema, "Mtu huyu anapumua." Kamati iliandika katika kumbukumbu kwamba Imamu alitoa maoni ya kitabibu, ambayo si kazi yake, ikamshukuru kwa kufika.

Baadaye Imamu aliwavuta Kibwana na Mwaija pembeni, nami nikiwa pale na birika, akawaambia, "Mbele ya Mungu nyinyi ni mke na mume kama jana. Haya mengine ni wino." Nilikubaliana naye kimoyomoyo. Kifo nimekiona kwa macho yangu, nikakifunga taya kwa kitambaa. Hakifanani na hiki. Lakini mimi sikuulizwa, na chai ilikuwa inapoa.

Kazi ya pili ya Kamati ilikuwa kulipanga upya deni. Ilichukua vikao vitatu. Kwanza deni liliandikwa kwa kutanguliza kubwa, mabati juu na kamba chini. Mwenyekiti hakuridhika, likaandikwa kwa kutanguliza dogo. Kikao cha tatu lilipangwa kwa herufi, gunia kwanza, kamba baadaye, na Mwenyekiti akasema sasa linapendeza. Kabla ya kupangwa lilikuwa mia sita na arobaini. Baada ya kupangwa lilikuwa mia saba na tano, kwa sababu ya ada ya kupanga.

Kisha tukatoka kwenda sokoni kutangaza, kama inavyotangazwa kwenye maziko, kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Mpiga mbiu akapiga ngoma. Marehemu mwenyewe alikuwa upande wa muhogo wa kuchoma. Akanyoosha mkono.

"Mwanvita muuza muhogo ananidai senti kumi. Za leo hii."

"Kibwana," akasema Mwenyekiti kwa hasira, "hebu uheshimu msiba wako!"

Watu wakacheka sana. Mwanvita akasema senti kumi amemsamehe, Mungu amlaze pema, na akamwongeza kipande.

Hapo ndipo nilipopandishwa cheo. Maana fomu ina sehemu ya mjane, na mjane ana eda: miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba, nguo nyeupe, bila wanja wala uturi, na mwanamume asiye wa halali yake haingii. Kamati ilihitaji mtu wa kuisimamia, mwanamke mwenye heshima, anayeijua kazi. Nikawa Mwangalizi wa Eda, shilingi thelathini kwa mwezi na daftari.

Nilikuwa nakwenda kwa Mwaija kila siku saa tatu asubuhi.

"Hodi."

"Karibu, Bi Mwanamvua. Ngoja kwanza nivae msiba."

Akivaa kitambaa cheupe juu ya kanga yake, naandika: mjane yupo, amevaa nyeupe. Dirishani, upande wa nje, husikika sauti.

"Mwaija! Kofia yangu ya viua umeiweka wapi?"

"Chini ya mto!" anajibu Mwaija, kisha ananitazama. "Andika, dada. Andika mjane anamkumbuka sana marehemu, mpaka anamsikia."

Nikaandika hivyo hivyo. Saa za kazi za Kamati ni kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane unusu mchana, na mamlaka yangu ya kuona yalianza na kumalizika hapo. Saa tisa kamili marehemu alikuwa akiingia kwa mlango wa mbele, anakula wali wake. Hakuna mahali katika daftari langu palipoandikwa uongo.

Lakini Mwaija hakuwa akicheka siku zote. Siku moja nilimkuta anasugua ukuta kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayempapasa mgonjwa.

"Mnada ni siku ya arobaini ya msiba," akasema. "Zimebaki siku kumi na mbili. Dada, mimi nimezaa watoto wanne ndani ya chumba hiki. Nitakwenda nao wapi? Majarubani?"

Nikakaa. Nikatazama fomu niliyokuwa nimeitia ndani ya daftari, nikaisoma upya, pole pole, maana mimi husoma nikifuata kwa kidole. Kidole kikasimama mahali.

"Mwaija, mahari yako ulipewa?"

Akashangaa. "Shilingi mia mbili na hamsini walizoandikiana wazee? Sikuona hata senti. Kibwana alisema nitapewa chumvi ikiuzwa."

"Chumvi ipi?"

"Ya mwaka thelathini na mbili."

"Mume wangu alipofariki," nikamwambia, "kabla hawajagawana hata kijiko, niliulizwa swali hilo. Mahari isiyolipwa ni deni la mume. Na hapa katika fomu imeandikwa: madeni yanayotangulia, gharama za maziko, halafu mahari ya mjane. Husseni yuko ukurasa wa pili."

Mwaija akapangusa chokaa kiganjani. Halafu akaenda dirishani.

"Kibwana! Hivi unajua unanidai—" akajikosoa, "—unajua nakudai?"

"Kofia nimeshaiona!" akajibu marehemu.

Siku ya arobaini Kamati ilikutana mapema, kabla ya mnada. Mwenyekiti alivaa suti ya kijivu, ile ya kununulia. Alikuwa ameithamini nyumba yeye mwenyewe, kwa niaba ya Kamati, akiwa peke yake, na akaandika kwa mkono wake kwamba thamani yake ni shilingi mia mbili. Ukuta una ufa, alisema, na maji ya kisima ni matamu kupita kiasi. Mtu yeyote pale mjini angetoa mia tisa huku akikimbia.

Mwaija akaleta cheti cha ndoa, kimekunjwa ndani ya Juzuu Amma, kina saini za mashahidi wawili. Karani Ausi akakisoma, akasoma fomu, akasoma hesabu ya thamani. Nilimwona rangi inamrudia usoni.

"Bwana Mwenyekiti, mjane anamdai marehemu mia mbili na hamsini. Deni lake linatangulia. Nyumba ni mia mbili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nyumba yote ni yake, na bado marehemu anadaiwa hamsini. Hakuna cha kupeleka mnadani."

"Hesabu ile," akasema Mwenyekiti, "huenda nilikosea. Nadhani nyumba ni mia tisa."

"Imekwisha kupigwa mhuri, bwana. Mhuri wako."

Nje, dalali alikuwa ameshaanza kupiga kengele. Mwaija alikunja cheti chake, akakirudisha ndani ya Juzuu, akalibusu, akatoka. Alipofika nyumbani alitoa kiti akakiweka barazani, akakaa, na aliyepita akimpa pole aliipokea.

Husseni alilalamika mbele ya Kamati kwamba jana tu amemwona marehemu wake sokoni anakula mishikaki. Akajibiwa kwamba malalamiko dhidi ya maiti yapelekwe mahali panapohusika. Akaondoka, akamkuta Kibwana barazani.

"Deni ni deni, Husseni," akasema Kibwana. "Sitaki kwenda nalo kaburini, lile kaburi la kweli. Nipe magunia kumi ya mkopo, nikuletee chumvi gunia mbili kila mwezi mpaka liishe."

"Tatu."

"Mbili, na ya tatu mwezi wenye jua."

"Na ile mia sita na arobaini, siyo mia saba na tano ya wale wapangaji?"

"Ile ile."

Wakashikana mikono. Mapatano haya yalichukua muda mfupi kuliko kikombe cha kahawa, kwa hiyo hayatambuliwi na ofisi.

Sasa msomaji atadhani Bwana Kitwana alifadhaika. Siku mbili, ndiyo. Siku ya tatu alikuja kazini anapiga mluzi.

Yeye naye alikuwa akidaiwa na Husseni. Suti tatu, santuri na sahani zake, baiskeli yenye taa, vitanda vya chuma. Jumla shilingi elfu mbili na mia moja, na Husseni alikuwa ameanza kumsalimu kwa sauti kubwa mbele za watu. Bwana Kitwana alikuwa ameona kwa macho yake jinsi mtu anavyokufa kidogo, nyumba ikabaki kwa mkewe, na mdai akarudi nyumbani na kikapu kitupu.

"Ausi," akasema, "nipe fomu."

"Ya nani, bwana?"

"Yangu. Mimi nina wake watatu. Huyo Kibwana ana mmoja tu, ikamfaa vile. Nitakufa Jumatatu asubuhi, na mchana nitakuwa nyumbani kwangu, sidaiwi na mtu."

"Na sababu ya kifo?"

Mwenyekiti akafikiri. "Andika: heshima."

Aliithamini nyumba yake mwenyewe kwa shilingi mia tatu, ili Husseni asiitamani. Akatia saini kama marehemu, akatia saini kama Mwenyekiti, akapiga mhuri kwa nguvu hata kikombe changu kikaruka. Karani Ausi akauliza kama nakala iende Dar es Salaam. "Vitu vyote viende kwa utaratibu," akajibu, na hilo lilikuwa agizo lake la mwisho.

Mahari ya wake zake ilijulikana na kila mtu. Kila harusi alisimama mwenyewe kuitangaza, ili watu wajue anaoa mtu gani: mia sita, mia sita, na yule mdogo, mia saba. Kutangaza alitangaza. Mkubwa, Bi Dija, alipoitwa mbele ya Kamati kama mjane wa kwanza alikuja na wenzake wawili, wote wameshavaa nyeupe, wamejitanda vizuri.

"Mnamdai marehemu?" akauliza Karani Ausi.

"Elfu moja na mia tisa," akasema Bi Dija. "Tumejumlisha njiani."

Nyumba ilikuwa mia tatu, kwa mhuri. Ikawa yao. Haikutosha, zikaongezwa santuri, baiskeli, vitanda na suti mbili. Ya tatu alikuwa ameivaa, na Kamati haimvui marehemu.

Saa tisa mchana, saa za kazi zimekwisha, Bwana Kitwana akaenda nyumbani kwake. Nilikuwapo barazani, si kikazi. Nilikuwa nimekwenda kutoa pole, maana ni wajibu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Dija! Fungua!"

"Nani?"

"Mimi, mume wenu!"

"Mume wetu amefariki asubuhi," ikasema sauti ya Bi Dija. "Tuko edani. Mwanamume usitusogelee mlango, tafadhali."

"Hii ni eda ya ofisi! Saa nane unusu imepita. Muulize Bi Mwanamvua!"

"Hiyo ni eda ya watu wadogo, bwana. Yule Mwaija ni mke wa mvuna chumvi. Sisi tumefiwa na Mwenyekiti. Eda ya mtu mkubwa haina saa za ofisi."

Ndani nikasikia santuri ikianza, na yule mdogo akicheka.

Akakimbilia kwa Imamu. "Sheikh, niambie kweli. Hawa si wake zangu?"

"Mbele ya Mungu ni wake zako," akasema Imamu, "na mahari yao ni deni lako. Anza na hilo la pili."

Mwisho wa mwezi mshahara wake haukuja. Ikaja barua nzuri kutoka Dar es Salaam, yenye mistari myeusi pembeni, ikisema Serikali imehuzunishwa na kifo cha ghafla cha mtumishi wake mwaminifu, jina lake limeondolewa kwenye orodha, na wajane wanapelekewa ubani wa shilingi ishirini. Bi Dija akanunua ndizi na nazi, akasoma hitima, akatualika. Kulikuwa na pilau. Bwana Kitwana alisimama nje ya ua na suti yake ya kijivu, na mtu akamtolea sahani, kama inavyotolewa kwa kila mpita njia.

Akaandika kukata rufaa. Jibu lilikuja haraka, jambo lililotushangaza: "Ofisi hii haina utaratibu wa kupokea barua kutoka kwa marehemu. Tafadhali andika kupitia kwa Mwenyekiti wako."

Mwenyekiti sasa alikuwa Ausi, wa muda. Alikuwa ameacha huzuni.

"Ausi, mwanangu, nifute basi. Unanijua. Niko hapa."

"Shikamoo, marehemu. Nakujua sana. Lakini fomu ya kumfufua mtu sina, na sheria uliyonifundisha ni kwamba kisicho na fomu hakipo. Njia iliyopo ni moja tu. Kibwana ameitumia."

Ilikuwa kweli. Miezi minne na siku kumi ya Mwaija ilipotimia, Kibwana alipeleka posa, na Imamu akasema kurudia maneno mema si dhambi. Mwaija akataka mahari mkononi safari hii: gunia moja la chumvi, kavu. Likaletwa barazani, likafunguliwa, akaonja. Katika cheti, mahali pa kueleza uhusiano wa bwana harusi na mume aliyetangulia, Ausi aliandika: wanafahamiana. Na kwa kuwa mtu aliyeandikwa kuoa katika daftari la ndoa hawezi kuwa maiti katika daftari la mirathi, Kibwana akawa hai pande zote mbili za ofisi. Alikwenda majarubani siku hiyo hiyo. Jua lilikuwa kali, Alhamdulillahi.

Basi Bwana Kitwana naye ilimpasa aoe. Akapeleka posa kwa wajane wake. Bi Dija akajibu kwamba wamepokea kwa heshima, watafikiri eda ikimalizika, na mahari ni ile ile aliyoitangaza mwenyewe kwa sauti, ila safari hii mkononi. Yote.

Akatafuta mahali pa kulala. Vyumba vyote vya mji vilimtaka mdhamini, na nani atamdhamini maiti? Mwaija ndiye aliyempa chumba, kile cha nyuma kinachoelekea kisima, shilingi nane kwa mwezi, kulipa kabla ya kuingia. Suti ya kijivu ikauzwa. Kila asubuhi sasa anateka maji matamu kwa ndoo, anapita barazani, anaamkia. Mwaija humjibu vizuri. Hajawahi kumkumbusha jambo lolote, na hilo ndilo linalomtesa.

Wiki iliyopita, saa nne asubuhi, alifika mlangoni kwangu amevaa kanzu ya kuazima, ana wazee wawili. Wakakaa, wakakohoa, wakasifu mkeka. Nikajua.

"Bi Mwanamvua," akasema mzee mmoja, "wewe una nyumba yako, una shilingi thelathini zako za mwezi, una dini yako. Bwana huyu hapa ana jina. Anakuposa."

"Ni jambo dogo tu," akaongeza Bwana Kitwana mwenyewe, kinyume cha desturi. "Ukikubali leo, kesho niko hai."

Niliwakaribisha kahawa na tende. Nikawaambia nashukuru kwa kunikumbuka, na sitamjibu kwa pupa, maana mambo haya ni mazito. Walipomaliza kahawa nikamjibu.

"Bwana Kitwana, mume wangu wa kwanza nilikaa naye miaka kumi na minne ndipo akafa. Wa pili nisingependa aanze na hilo."